Ulinganisho: tiketi ya paking ya kampuni binafsi imefika mahakamani Uingereza. Nilipe, nipatane nao au nijitetee?

MamaNasra_Leicester (8 Machi 2025)

Wanajamvi hamjambo. Naomba mnisaidie kupima jambo, maana tangu juzi usingizi umenipaa.

Nimepokea bahasha kutoka kituo cha mahakama cha Northampton. Ndani kuna fomu ya madai, kampuni ya paking (jina sitaji) inanidai pauni 276 na kidogo. Kisa chenyewe ni cha Jumamosi ya tarehe 5 Agosti 2023, kwenye uwanja wa maduka ambao unaruhusu kupaki bure kwa saa 3. Notisi yao ya zamani inasema gari langu lilikaa saa 5 na dakika 12. Kamera ilinasa namba likiingia saa 4 na dakika 4 asubuhi, na likitoka saa 9 na dakika 16 alasiri.

Sasa gari halikukaa. Asubuhi niliingia mimi, nikanunua unga na viatu vya Nasra, nikaondoka haikufika hata saa 5 asubuhi. Mchana kaka yake Nasra akachukua gari akarudi palepale kumfuata rafiki yake. Yaani tuliingia mara mbili. Kamera imeona kuingia kwa kwanza na kutoka kwa mwisho, ya katikati imeyameza.

Niliwajibu kwa imeili mara moja wakati ule, wakakataa. Barua zilizofuata, za wakusanya madeni, zote ziko kwenye droo.

Kila njia ninayoiona mbele yangu ina mtu aliyenishauri. Shemeji anasema lipa yaishe, 276 si pesa ya kukukosesha usingizi. Mwenzangu kazini anasema wapigie simu uwape 150, watapokea. Mwanangu anasema tujitetee kwa sababu hatukukosea (yeye ana miaka 22, anadhani mahakama ni kama kwenye runinga). Jirani anasema tia kwenye pipa, hizo si faini za serikali. Wakili niliyempigia ametaja pauni 400 za kuandika utetezi tu, huyo nimeshamwondoa kwenye hesabu.

Sitaki maneno ya kunituliza. Nataka aliyepitia aseme alichagua ipi, ilimgharimu nini, na kama angerudishwa nyuma angechagua ipi. Nawasilisha.

Kaka_Slough

Pipa, dada. Mimi nilipata mbili mwaka 2010, zote nikazitupa, na hadi leo nipo nadunda. Ni makampuni tu yale, hayana polisi.

BinSeif_Reading

Kaka Slough, kwa heshima zote, ushauri huo umeshachacha. Mwaka 2010 ulikuwa sawa. Kampuni ilikuwa lazima imjue dereva, na dereva akinyamaza basi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012 ilianza sheria ambayo watu huiita POFA. Ilikataza kufunga magari minyororo kwenye viwanja vya watu binafsi huku England na Wales, na kwa upande wa pili ikawapa kampuni njia ya kumdai mwenye jina kwenye kadi ya gari iwapo dereva hajulikani. Jina wanalipata DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, kwa pauni 2.50. Halafu Novemba 2015 ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Beavis. Yule bwana mwenye duka la samaki na chipsi alipitiliza dakika 56 juu ya saa 2 alizoruhusiwa pale Chelmsford, akatozwa pauni 85, akapanda nayo hadi juu kabisa na akashindwa. Tangu hapo hoja ya kwamba "hiyo faini ni kubwa kuliko hasara yao" imekufa kifo cha kawaida. Kila kampuni itakurushia jina la Beavis usoni.

Pipa linafaa kwa barua za wakusanya madeni. Wale hawana nguvu yoyote, si madalali wa mahakama, hawawezi kugusa hata kijiko chako. Lakini karatasi ya Northampton haikutoka kwa kampuni, imetoka mahakamani. Ukikaa kimya, siku zikiisha mdai anaomba hukumu ya upande mmoja na anapewa bila mtu yeyote kusikilizwa.

Mama Nasra, angalia upande wa kulia juu kwenye fomu, kuna tarehe ya kutolewa. Ni ipi?

MamaNasra_Leicester

Tarehe 4 Machi. Asante kaka.

BinSeif_Reading

Basi usianze na swali la kulipa au kutolipa. Anza kwa kupiga hodi. Ingia kwenye MCOL, mtandao wa mahakama wa madai ya pesa, kwa namba na nenosiri lililoandikwa kwenye fomu, uthibitishe kwamba umepokea madai na unakusudia kuyapinga yote. Hapo hujajitetea bado, umenunua muda tu. Na tafadhali siku hiyo usiguse kisanduku cha utetezi, hata kwa neno moja. Kuna watu waliandika "nitaleta maelezo baadaye" wakajikuta huo ndio utetezi wao.

Hesabu yako iko hivi. Madai huhesabiwa yamekufikia siku 5 baada ya kutolewa, kwa hiyo 9 Machi. Bila hodi una siku 14 za kujibu, ukipiga hodi zinakuwa 28, yaani 6 Aprili. Hiyo ni Jumapili, na kwa kuwa siku hiyo ofisi imefungwa, Jumatatu ya tarehe 7 ingekubaliwa, lakini usitembee kwenye ukingo wa kisima. Tuma Ijumaa ya kabla yake.

Mimi binafsi nilijitetea mwaka juzi. Nilidaiwa 262 kwa kupaki kwenye nafasi yangu mwenyewe chini ya fleti yangu, kisa kibali kiliteleza kutoka juu ya dashibodi. Niliandika utetezi kurasa 3, nikaambatanisha mkataba wa nyumba unaosema nafasi ni yangu bila sharti la kibali. Wakanijibu kwa maneno makali, wakasema tutaonana kortini. Ilipofika zamu yao ya kulipia ada ya kusikilizwa (kwa madai yasiyozidi 300 ni pauni 27 tu!) wakaondoa shauri. Gharama yangu ilikuwa karatasi na presha.

Wambui_Coventry

Nami niseme yangu, maana yake inauma. Nilichagua kimya bila kujua nimechagua.

Nilihama nyumba, nikabadilisha anwani kwenye leseni ya udereva nikafikiri nimemaliza. Kumbe logbook, yaani kadi ya gari, ni kitu kingine, DVLA haibadilishi moja kwa sababu umebadilisha nyingine. Barua zote zikaenda nyumba ya zamani, fomu ya mahakama pia. Miaka miwili baadaye tunaomba mkopo wa nyumba, benki inasema mna CCJ, yaani hukumu ya mahakama ya deni. CCJ ya nini? Ya paking! Dakika 14 zilizozidi nje ya duka la mazulia ambalo hata halikuwa na zulia nililotaka.

Kuomba hukumu itenguliwe kulinigharimu zaidi ya pauni 300 za ada peke yake, nikaandika maelezo, nikaenda mbele ya hakimu. Akaitengua kwa sababu madai hayakuwahi kunifikia, kesi ikaanza upya, na baada ya miezi mitatu kampuni ikaondoa shauri. Ada yangu niliomba nirudishiwe, hakimu akasema kila mtu abebe mzigo wake. Mkopo ulichelewa, na nyumba tuliyoipenda ikaenda kwa watu wengine.

Kitu ambacho wengi wanachanganya, na hata mimi nilichanganya, ni hiki: kupigana ukashindwa HAKUKUPI CCJ ya miaka 6. Ukishindwa, ukalipa chote ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu, jina linaondolewa kwenye daftari kana kwamba halikuandikwa. Ukilipa baada ya mwezi, linabaki miaka 6 likiwa na alama kwamba deni limelipwa. Kwa hiyo anayekuambia "lipa sasa usije ukaharibiwa rekodi" anakutisha kwa kitu kilicho mikononi mwako. Rekodi inaharibiwa na kutojibu, au kutolipa ukishaamriwa.

Na kwa wale ambao bado wako kwenye safari ya makaratasi ya uhamiaji: fomu ya kuomba uraia ina swali kuhusu hukumu za madai. Kuwa nayo si mwisho wa dunia, lakini ni swali ambalo ungependa kujibu "hapana" ukalala.

Juma_Glasgow

Pembeni kidogo: huku Scotland hiyo POFA haitumiki. Nadhani jirani wa Mama Nasra alisoma ushauri wa huku akaupeleka Leicester. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni 😂

Dada_MK

Dada pole. Mimi hufanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya sheria (si wakili, msije mkanishtaki). Kabla hujachagua njia naomba unijibu mawili, kwa sababu majibu yake yanabadilisha thamani ya kila njia.

La kwanza: ile notisi ya kwanza kabisa, si ya wakusanya madeni, ina tarehe gani? Kama hapakuwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo na ni kamera tu, POFA inataka notisi imfikie mwenye kadi ndani ya siku 14, kuanzia siku inayofuata baada ya kupaki. Kwako mwisho ni 19 Agosti 2023. Na barua huhesabiwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, labda uthibitishe vingine. Wakichelewa hawawezi kukudai kama mwenye kadi, wanabaki kumtafuta dereva.

La pili: kwenye imeili yako ya mwaka ule, ulisema nani aliendesha? Hapa ndipo watu wengi hujikata mguu. Mtu anaandika "nilipaki nikaenda kununua maziwa" kwa nia njema kabisa, na hapo ameshajitaja kuwa dereva. Ngao yote ya POFA inaanguka.

Kama imeili imepotea, waandikie kampuni kudai nakala ya taarifa zote walizonazo kukuhusu. Ni haki yako, ni bure, na wana mwezi mmoja kujibu. Waombe na kumbukumbu zote za kamera kwa namba yako siku ile, pamoja na picha ambazo hazikupata mwenzake.

MamaNasra_Leicester

Nimefukua droo yote. Notisi imeandikwa tarehe 21 Agosti 2023! Na imeili nimeipata kwenye kapu la zilizotumwa. Niliandika: "Gari liliondoka asubuhi na likarudi mchana, tafadhali angalieni kamera zenu." Sikutaja mtu. Si ujanja, ni haraka tu, nilikuwa kazini.

Pia nimefungua programu ya benki. Siku hiyo nililipa mafuta pauni 38 kwenye kituo kilicho upande wa pili wa mji, na benki yangu inaonyesha hadi dakika: saa 6 na dakika 40 mchana. Wao wanasema muda huo gari lilikuwa limepaki kwao.

Kaka_Slough

Aaah! Basi jitetee dada, nafuta neno langu.

Dada_MK

21 Agosti ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo inahesabiwa imekufikia Jumatano ya 23. Wamechelewa siku 4. Safi sana.

Ila nikukatie raha kidogo. Malipo ya mafuta yanasema kadi ya benki ilikuwa kituoni, hayasemi gari gani. Wakili wao atasema labda uliweka kwenye gari la mumeo. Mna gari ngapi?

MamaNasra_Leicester

Moja. Mume wangu hana hata leseni ya huku.

Dada_MK

Basi useme hivyo kwa maandishi, ukisema pia aliyelipa mafuta ni wewe. Mwanao naye aandike maelezo yake ya shahidi: alichukua gari saa ngapi, alimfuata nani, walitoka saa ngapi. Rafiki yake akikubali, naye aandike. Karatasi tatu zinazosema hadithi moja zina uzito kuliko kurasa 20 za vifungu ulivyonakili mtandaoni.

Jambo moja zaidi. Fomu ya madai yenyewe inaeleza ulivunja sharti lipi, au inasema tu "amevunja masharti"? Kisanduku cha MCOL kinampa mdai herufi 1,080 tu, na kampuni nyingi zinaweka maneno yaleyale kwa kila mtu. Agosti 2023 jaji mmoja wa Luton, kwenye rufaa ya kesi inayojulikana kama ya Chan, alifuta madai ya namna hiyo kwa sababu mdaiwa hakuambiwa alichokosea. Haimfungi hakimu wako, lakini kuitaja aya moja hakudhuru.

MamaNasra_Leicester

Inasema "mdaiwa alivunja masharti ya kupaki" na basi. Saa 5 na dakika 12 iko kwenye notisi ya zamani tu.

Mzee_wa_Tabora

Nimewasoma nyote vijana, nina neno dogo ambalo hakuna aliyelisema. Huyo mama ameandika hapa saa 6 na dakika 40 mchana, nasi tumemwelewa. Akiandika 6:40 kwenye karatasi ya mahakama, hakimu ataona aliweka mafuta alfajiri, kabla gari halijaingia huko madukani, na ushahidi wake mzuri utakuwa si kitu. Mimi niliwahi kukosa treni ya Birmingham kwa hesabu hiyohiyo.

BinSeif_Reading

Shikamoo mzee. Hilo ni la dhahabu. 12:40, 10:04, 15:16. Andika hivyo kila mahali.

Mzee_wa_Tabora

Marahaba.

Kijana_Barking

Wakuu, mimi ndiye mnayemtafuta, yaani aliyejitetea akashindwa. Nisikilizeni kabla hamjamjaza mama moto.

Nilidaiwa 268. Notisi yangu nayo ilichelewa, kama yake. Nikaona nimepata ngao, nikaandika utetezi mzima juu ya hiyo ngao: mimi ni mwenye kadi tu, dereva mtafuteni wenyewe. Siku ya kesi hakimu, mama mmoja mpole sana, akaniangalia akaniuliza moja kwa moja: "Wewe ndiye uliyeendesha?" Unajibuje? Umeshasaini tamko la ukweli chini ya karatasi zako, na kusema uongo hapo ni kudharau mahakama, unaweza kufungwa. Nikasema ndiyo. Basi ngao ikayeyuka, na sikuwa na hoja ya pili kwa sababu kweli nilipitiliza.

Lakini sikilizeni hesabu. Hakimu alizikata zile pauni 70 za "gharama za kukusanya deni", akasema hazina msingi. Nikaamriwa 100 ya tiketi, ada ya kufungua 35, ya wakili 50 na ya kusikilizwa 27, na riba ya pauni chache. Nikalipa kama 217 wiki ileile. Hakuna CCJ. Yaani nimeshindwa kwa bei ndogo kuliko ile waliyotaka nilipe ili yaishe.

Ningerudi nyuma? Ningelipa 60 ndani ya siku 14 za mwanzo, kwa sababu nilikuwa na kosa. Ila nikishafika kwenye hatua ya mahakama ningejitetea tena, hata kwa ajili ya zile 70 tu.

Wambui_Coventry

Tusimpe mtu matumaini ya bure, si kila hakimu anakata zile 70. Wengine wanazipitisha. Mama Nasra akishindwa vibaya kabisa ni 276 yake pamoja na 27, kama pauni 303. Hilo ndilo shimo, alione kabla ya kuruka.

Dada_MK

Sahihi. Na shimo lina sakafu: kwenye madai madogo aliyeshindwa halipishwi mawakili wa mwenzake zaidi ya hizo ada za kawaida, isipokuwa awe amefanya mambo ya hovyo, kama kudanganya au kutofika bila sababu. Ndiyo maana ile 400 ya wakili haina maana hapa: ukishinda hurudishiwi. Ukishinda unaweza kudai nauli, na mshahara wa siku hadi pauni 95 kama ulikosa kazi.

Kuhusu zile 70, kama wanamdai kama mwenye kadi, POFA yenyewe inawawekea dari ya kile kilichoandikwa kwenye notisi. Yaani 100.

Nampa pole Kijana, lakini kisa chake kinaonyesha mpangilio. Mama Nasra atangulize jambo lililotokea: gari liliingia mara mbili, hakuna ziara iliyofika saa 3, ushahidi huu hapa. Kuchelewa kwa notisi kuwe hoja ya pili, na upungufu wa fomu wa tatu. Akiulizwa aliyeendesha, aseme kweli: asubuhi mimi, mchana mwanangu. Kweli hiyo haimuumizi, kwa sababu hakuna dereva hata mmoja kati yao aliyepitiliza. Na Beavis haigusi hapa kabisa. Yule bwana alikubali kwamba alipitiliza.

MamaShufaa_Luton

Jamani njia ya kupatana mmeiruka. Kwa madai madogo yaliyofunguliwa tangu 22 Mei 2024, usuluhishi ni lazima, utake usitake. Unapangiwa muda wa saa moja kwa simu, bure. Msuluhishi anakupigia wewe, anafunga, anawapigia wao, anarudi kwako. Hamsikiani. Haamui nani mkweli, anabeba bei tu huku na huku kama dalali wa mnadani.

Mimi nilipatana kwa pauni 90. Walianza na 220, nikasema 50, tukakutana hapo. Sikuwa na risiti wala shahidi, na kusema kweli nilisinzia ndani ya gari baada ya zamu ya usiku. Sijutii. Tisini nimelala, na hakuna hukumu iliyoandikwa. Lakini kama ningekuwa na risiti ya mafuta kama ya Mama Nasra nisingetoa hata kumi.

BinSeif_Reading

Hapo umesema. Lazima ni kuhudhuria, si kukubali. Ukiikosa simu hakimu anaweza kukubebesha gharama au hata kufuta utetezi wako. Lakini ukipokea ukasema "ninatoa sifuri, na waondoe shauri", umetimiza wajibu. Msuluhishi atavuta pumzi, atakuambia fikiria usumbufu. Sema asante, sifuri.

Kumpigia simu kampuni sasa hivi na kuwapa 150, kama alivyoshauri mwenzako wa kazini, naona ndiyo njia mbaya kuliko zote baada ya pipa. Watakushikilia kwenye mazungumzo, unajisahau, na saa ya mahakama haisimami kwa sababu mnaongea. Ukiwapa, ni kwa maandishi, na hodi ikiwa imeshapigwa.

Kaka_Slough

Swali: Kiingereza chake kikiwa cha kubabaisha je? Mama yangu hawezi kusimama mbele ya hakimu.

Dada_MK

Baada ya utetezi utaletewa fomu N180, ya maswali kuhusu kesi. Humo kuna swali la mkalimani, na unachagua mahakama iliyo karibu na kwako. Jibu hapo hapo, usingoje siku ya kesi. Na chumba chenyewe si kile cha majoho na nyundo. Ni meza, hakimu, wewe na kijana aliyetumwa na kampuni ambaye huenda faili amelisoma asubuhi ileile. Siku hizi hakimu wa wilaya anaitwa "Judge" tu, mengine hayahitajiki.

MamaNasra_Leicester (27 Machi)

Nimerudi. Hodi nilipiga tarehe 10. Barua ya kuomba taarifa zangu nimetuma. Utetezi nimeandika kurasa 2 na nusu. Kisanduku cha MCOL kina mistari 122 na kinavuruga aya zote, kwa hiyo nimeutuma kwa imeili ya mahakama kama faili, namba ya kesi juu, nimesaini, nikapata jibu la kupokelewa. Niliutanguliza kama Dada MK alivyosema. Shemeji bado anasema ningelipa tu, nimemwambia alipe yeye.

MamaNasra_Leicester (19 Julai)

Kwa walioniuliza huko faragha. Majibu ya kampuni yalikuja mwezi wa nne mwishoni. Kwenye kumbukumbu zao kuna picha moja ya namba yangu saa 4 na dakika 51 asubuhi, haina mwenzake, pembeni imeandikwa kwamba haikusomeka vizuri. Ni gari langu, upande wa nyuma, linatoka. Nimeiangalia mara kumi.

Usuluhishi ulikuwa juzi. Msuluhishi aliniambia wanataka 180, nikasema sifuri, nikamtajia ile picha. Akarudi na 120. Sifuri. Akarudi na 75, akaniuliza kama nina hakika. Mwanangu alikuwa amekaa mbele yangu anatikisa kichwa kama feni. Tukaachana hapo bila kupatana.

Sasa nasubiri tarehe ya hapa Leicester. Maelezo ya shahidi ya kwangu na ya mwanangu yako tayari, na rafiki yake amekubali kuandika. Nimeweka nakala tatu kwenye faili. Mzee wa Tabora, kila mahali nimeandika 12:40.

Mzee_wa_Tabora

Na hiyo ya picha?

MamaNasra_Leicester

10:51, mzee. Nimeshaikagua.